Maji Yanaingia Lini? Hotuba kuhusu Kutafuta Mvujo kwenye Boti Iliyotumika

Ndugu zangu wenye boti, mafundi, na ninyi mnaojiandaa kununua boti ambayo wengine wamekwisha kuitumia, asanteni kwa kufika.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya boti, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani yake, maji yanapokusanyika. Kwa mada ya leo msemo huo ni kweli neno kwa neno. Maji yakipenya kwenye bolti ya omo, yatateremka chini ya sakafu, yatafuata mihimili ya urefu, na utayakuta yamejikusanya ngamani, nyuma kabisa, karibu na injini. Mwenye boti anayaona nyuma, ananunua gundi ya kuziba, anapaka nyuma. Siku chache baadaye maji yamo tena, naye anapaka tena juu ya alichopaka. Mpaka fundi aitwe, kazi ya kwanza inakuwa kukwangua gundi.

Mahali maji yanapoonekana hapakuambii yalikoingilia. Wakati ndio unaokuambia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza maji yanaingia wapi, uliza yanaingia lini. Je, ni boti ikiwa imetulia na injini imezimwa? Injini ikiwaka lakini boti imefungwa gatini? Boti ikikimbia? Mvua ikinyesha? Au ngama inalowa hata boti ikiwa juu ya trela, nchi kavu? Kila jibu linawaondolea lawama washukiwa wengi kwa mara moja. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote ni namna ya kulitekeleza.

Usalama kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutulia ngamani, palepale unapotaka kuingiza kichwa na taa. Fungua vifuniko vyote, acha hewa ipite, washa feni ya kutolea hewa kwa dakika nne angalau kama boti inayo, halafu unuse kabla ya kugusa swichi nyingine yoyote. Maji yenye harufu ya mafuta usiyafyonze kwa mashine ya umeme ya kusafishia nyumba, maana mota yake hutoa cheche. Tumia pampu ya mkono, ndoo na sponji, na maji hayo yaingie kwenye dumu, yasimwagwe baharini wala ziwani. Pia usiyaonje ili ujue kama ni ya chumvi. Huenda yamechanganyika na dawa ya kupozea injini, na aina nyingi za dawa hiyo ni sumu.

Sasa kausha. Ninaposema kausha nina maana upitishe kitambaa kila pembe na kitoke kikavu. Vitundu vya kupitisha maji kwenye mataruma, yaani mbavu za boti, vizibue kwa waya. Kitundu kimoja kikiziba, maji hukaa nyuma yake kwa saa nyingi, kisha boti ikiinama yanatiririka, nawe unadhani yanaingia upya. Osha grisi na masizi kwa sabuni, kwa sababu juu ya uchafu mweusi huwezi kuona mchirizi. Kisha panga vipande vya karatasi kavu, ya gazeti au tishu, chini ya kila kiungo unachokitilia shaka: kila tundu la bodi (yaani ganda la boti), kila klipu ya bomba la mpira, chini ya mahali shafti inapotokea, kando ya ukuta wa tezi. Karatasi inayolowa kwanza ndiyo yenye habari, nyingine huenda zimeloweshwa na jirani yake. Mahali pa wima, karatasi isipokaa, paka unga wa chaki au poda, na tone likishuka litachora njia yake lenyewe.

Hatua ambayo wengi wanairuka ni kupima kiasi. Zima pampu ya ngama na swichi yake ya boya, ile inayoiwasha yenyewe maji yakipanda, kaa ndani ya boti kwa saa moja kamili, kisha kausha kwa sponji ukikamulia kwenye jagi lenye vipimo. Andika lita kwa saa. Namba hiyo itakusaidia mara mbili: itakuambia ukubwa wa tatizo, na baada ya matengenezo itakuambia kama umelitatua. Tone moja kila sekunde hufanya lita nne na kidogo kwa siku, kero lakini si janga. Tundu la milimita 25 lililo sentimita 30 chini ya mstari wa maji huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Pampu ndogo iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa hutoa lita 32 tu kwa dakika hata ikitoa yote iliyoandikwa, na haitoi yote. Kipimo kile huchukuliwa bila kupandisha maji. Ukiiweka isukume maji mita moja juu, kupitia bomba lenye mikunjo ndani na betri iliyochoka, unapata pungufu sana. Kwa hiyo anayesema "pampu inamudu" hajakuambia lolote kuhusu usalama wa boti yake.

Mnaotumia baharini mna msaada mmoja zaidi. Weka matone machache ya maji ya ngama kwenye kioo safi, yaache yakauke juani. Yakiacha ukoko mweupe wa chembechembe, ni ya bahari. Yakiacha doa hafifu tu, tafuta kwenye mvua, tangi la maji ya kunywa, sinki au kisanduku cha barafu. Ziwani kipimo hiki hakisaidii. Huko tumia rangi ya chakula: nyekundu kwenye tangi la maji safi, kijani kwenye tangi la kuhifadhia samaki au chambo, kisha angalia karatasi imechukua rangi gani.

Kabla ya jambo lolote kubwa, angalia kizibo cha kutolea maji pale tezini. Msikidharau. Kitoe, angalia mpira wake kama umepasuka au umekauka, angalia nyuzi kama zimelika. Halafu angalia ile pete ya shaba iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa tezi, kwa sababu mara nyingi kizibo ni kizima lakini gundi nyuma ya pete imekufa na skrubu zinazunguka bure. Skrubu zikizunguka bure, mbao ya ndani imeanza kuoza, na sasa una tatizo la pili.

Turudi kwenye swali la lini, tuanze na boti iliyotulia. Injini imezimwa, kamba zimefungwa, hakuna mvua, na bado maji yanaingia. Washukiwa ni wale walio chini ya mstari wa maji peke yao: kizibo, vali na shingo za matundu ya bodi, skrubu za kipima kina, bolti za chini za injini ya nje, boksi la shafti, mipira ya mguu wa injini, na nyufa za bodi. Boti ikikaa kavu, usitangaze ushindi. Weka watu wawili au madumu ya maji tezini, ushushe mstari wa maji kama unavyoshuka siku ya safari, na upime tena saa moja. Shingo za plastiki zilizo juu kidogo ya maji huchakaa kwa jua, zikapasuka kwenye shingo palepale zinapogusana na bodi. Boti tupu haivuji. Ikipakia, tundu linazama.

Mzigo huohuo huleta hila nyingine, ambayo ni maji kurudi kupitia pampu ya ngama yenyewe. Mdomo wa bomba la kutolea maji ukizama, maji huvutwa kinyume na kujaza boti taratibu. Mdomo uwe juu kabisa ya mstari wa maji, sentimita 30 ni kipimo kizuri, na bomba lipinde juu zaidi kabla ya kushuka kwenye mdomo huo. Vali ya kuzuia kurudi kwa maji isitegemewe kwa kazi hii, kwa kuwa uzi mmoja wa takataka unatosha kuiacha wazi. Pia msichanganye jambo hilo na yale maji machache yaliyomo bombani ambayo hurudi kila pampu inapozima. Hayo hayaongezeki.

Matundu ya bodi yakaguliwe kwa mkono na bisibisi. Tikisa kila vali. Ikicheza, ondoa. Kwaruza shaba mpaka uone rangi ya ndani, na ikiwa ya waridi badala ya njano, zinki imeliwa na maji ya chumvi na iliyobaki itavunjika kama biskuti. Klipu za mabomba chini ya mstari wa maji ziwe mbili kwa kila ncha palipo na nafasi, zote za chuma kisichoshika kutu. Zigeuze uone upande wa chini, kwa kuwa klipu nyingi hung'aa juu huku skrubu yake imeoza.

Boksi la shafti, yaani kifaa kinachozuia maji pale shafti ya propela inapopita kwenye bodi, linahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa mvujo kidogo ni wa kawaida na watu huharibu shafti wakijaribu kuukomesha. Mfungo wa asili wa kamba yenye nta unatakiwa kudondosha matone mawili au matatu kwa dakika shafti ikizunguka, na usidondoshe kitu ikisimama. Matone hayo ndiyo yanayoipoza. Ukikaza nati mpaka tone la mwisho likome, kamba inaungua, shafti inachimbika mfereji, na baada ya hapo hakuna kamba itakayoziba. Baada ya mwendo gusa boksi, likiwa la uvuguvugu ni sawa, lakini likiunguza mkono limekazwa kupita kiasi. Mguso huo ufanye injini ikiwa imezimwa, shafti imesimama. Kamba ikichakaa usiongeze pete mpya juu ya zile kuukuu. Toa zote kwa kulabu, zihesabu, pima unene wa kamba kwa nafasi halisi, kata pete mpya kwa mshazari, na viungo vyake vipishane kwa theluthi moja ya mzunguko ili maji yasipate njia iliyonyooka. Kaza kwa mkono, shusha boti majini, kaza kidogo kidogo injini ikiwa imezimwa, na mwisho funga nati ya kuzuia. Kagua pia bomba la mpira linaloshikilia boksi lenyewe. Likipasuka, ni tundu kubwa la mzunguko mzima.

Kwenye boti ambazo injini iko ndani lakini mguu wa propela uko nje, mtuhumiwa wa kwanza ni mipira ya mikunjo inayofunika viungo vya shafti, eksozi na waya wa gia. Ukiwa nchi kavu, geuza mguu kushoto kabisa, kulia kabisa, kisha uinue, ukifungua kila mkunjo kwa vidole. Ufa hujificha kwenye bonde la mkunjo na hauonekani mguu ukiwa umenyooka. Ukisikia mngurumo mguu unapogeuzwa injini ikiwaka, beringi imeshapata maji, kwa hiyo mpira na beringi vibadilishwe pamoja. Mpira usio na historia, na boti iliyotumika mara nyingi haina, ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Hapo sina shaka hata kidogo, maana mpira ule ukikatika gatini usiku, boti inazama.

Injini ya nje ina hadithi yake kwenye ukuta wa tezi. Bolti zake hupita kwenye plaiwudi iliyofunikwa na faiba, na gundi ikifa maji huingia taratibu ndani ya mbao. Gonga ukuta wote kwa nyundo ya plastiki: mbao nzima hutoa sauti kali, iliyooza hutoa sauti ya kufa. Shika mguu wa injini, usukume juu na chini huku mwenzako akitazama ukuta, na ukipinda hata kidogo, au washa za bolti zikiwa zimezama kwenye faiba, toboa tundu la milimita 3 kutokea ndani, karibu na chini. Unga mkavu wa njano ni habari njema. Uji mweusi maana yake gundi haitakusaidia, ukuta unajengwa upya. Tundu la kipimo lizibe kwa epoksi siku hiyohiyo.

Sasa boti iliyotulia ni kavu, lakini ukiwasha injini, bado ikiwa imefungwa gatini, maji yanatokea. Hapo bodi haina kosa. Tafuta kwenye njia ya maji ya kupozea. Pampu ya maji ghafi, yaani yanayovutwa kutoka nje ya boti, kwa kawaida ina kitundu kidogo kati ya sili zake mbili, na kikidondosha, sili imekwisha. Usikizibe, kimewekwa ili kikuambie hivyo kabla maji hayajafika kwenye beringi au oili. Endelea na mfuniko wa chujio, viungo vya mabomba, manifoldi, na bomba la eksozi mpaka linapotokea nje. Tafuta ukoko mweupe wa chumvi au mchirizi wa kijani kwenye shaba. Pampu hii inasukuma lita nyingi kwa dakika, kwa hiyo bomba la eksozi lililochomoka linaweza kujaza ngama haraka kuliko tundu la bodi. Tiba ya dharura ni kuzima injini.

Boti ikivuja inapokimbia tu, fikiria mambo mawili: bodi inayopinda, na maji yanayopigwa mahali ambapo kwa kawaida ni pakavu. Bodi za aluminiamu zenye ribiti huvuja hivi, kwa sababu mawimbi huzilegeza. Faiba hufungua nyufa kando ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, uliosagwa na mchanga na kwenye pembe za chini. Bolti ya pete ya kuvutia boti pale omo hupigwa na kila wimbi. Ukingo wa mpira unaozunguka boti umefunika kiungo cha bodi na sitaha, na skrubu zake nyingi hulegea. Na ukipunguza mwendo ghafla, wimbi la nyuma hupanda tezini na kupenya kwenye mipira ya nyaya iliyochanika. Jaribu kila hali peke yake: mwendo ulionyooka, kona kushoto, kona kulia, kusimama ghafla. Kausha na uangalie karatasi baada ya kila moja.

Mvua ni rahisi kuiga. Tumia bomba la maji la bustani bila presha, kuanzia chini kwenda juu, dakika tano hadi kumi kila sehemu, mwenzako akiwa ndani na taa. Ukianza juu, maji yatateremka kwenye kila kiungo na hutajua ni kipi.

Na boti inayolowa juu ya trela, baada ya kukaushwa jioni? Maji hayo yalikwisha kuingia zamani. Yamekaa ndani ya foamu ya kuelea chini ya sakafu, yanachuruzika polepole. Ipime boti kwenye mizani ya magari, toa uzito wa trela, injini, mafuta na vifaa, kisha linganisha na uzito wa mtengenezaji. Kila lita moja ni kilo moja, kwa hiyo kilo 200 zisizo na maelezo ni lita 200 za maji zilizojificha. Wanunuzi, hiki ni kipimo chenu kabla ya kulipa. Ombeni pia kuiona ngama kabla haijasafishwa, na mkikuta rangi mpya humo peke yake au pampu mpya kubwa kupita kiasi, ulizeni sababu.

Ukishajua lini na bado hujaona wapi, geuza mambo: jaza maji kutoka ndani. Boti ikae kwenye trela yenye magurudumu yaliyozuiwa, omo juu kidogo, betri na vitu vya umeme vimetolewa. Mimina maji yenye rangi kina cha sentimita 10 ngamani, usivuke hapo ovyo, kwani bodi imeumbwa kubeba maji yanayosukuma kutoka nje na trela ina kikomo cha uzito. Nje kausha, paka unga wa chaki, subiri. Zungushia kila doa kwa penseli ya nta kabla halijasambaa.

Kuziba kwenyewe ni kazi fupi ikiwa umepata mahali. Toa kifaa kizima, usipake pembezoni. Kwangua gundi kuukuu yote, futa kwa asetoni, panua kidogo mdomo wa tundu ili gundi ipate pa kukaa. Chini ya maji tumia poliyurethani ya boti. Polisulfidi nayo ni nzuri, lakini inashambulia baadhi ya plastiki. Silikoni iache mbali na bodi iliyo chini ya maji, maana ikishapaka, rangi na gundi nyingine hazishiki tena pale. Kaza mpaka gundi ichungulie pande zote, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, ambao unaweza kufika siku saba. Tundu linalopita kwenye plaiwudi litoboe kubwa, lijaze epoksi, kisha toboa upya kipimo cha bolti katikati yake, hivyo hata gundi ikifa maji hayaigusi mbao. Ufa wa aluminiamu utoboe tundu la milimita 3 kila ncha kabla ya kuchomelea, la sivyo utaendelea.

Kisha rudia kipimo kilekile, katika hali ileile iliyokuwa inavuja, karatasi mahali palepale, saa moja ileile. Ikiwa lita zimepungua lakini hazijaisha, usifungue ulichokwisha kuziba. Boti kuukuu mara nyingi huwa na mvujo zaidi ya mmoja, na wa pili una hali yake. Anza tena na lini. Swichi ya boya irudishwe kila unapomaliza kupima.

Kama mmekuja na picha za ngama zenu, zileteni mbele tuziangalie pamoja.